Jibu kwa wakili kijana wa Lubumbashi kuhusu dai la bima linalotiliwa shaka

Mdogo wangu, unasema umekabidhiwa faili la ajali ya barabara ya Likasi, na kampuni ya bima inataka uandike mara moja kwamba mdai ni mwongo. Usiandike hivyo bado. Weka mezani tamko la ajali, ripoti ya polisi na ankara ya gereji, ulinganishe tarehe, kwa sababu taa iliyonunuliwa siku mbili kabla ya gari kugongwa inastahili maelezo. Hata hivyo tarehe moja haitoshi: fundi wa komini ya Kenya, mtaa wa hapo Lubumbashi, anayejaza ankara usiku kwa mwanga wa simu anaweza kukosea bila hila yoyote. Nia njema hudhaniwa, nia mbaya huthibitishwa, na mzigo huo umo mabegani mwa mteja wako, yaani kampuni ya bima.

Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, yaani sheria ya bima ya Kongo iliyoondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, uisome mwenyewe, usitegemee muhtasari wa kampuni. Ikiwa mdai hana wakili, msikilize kwa Kiswahili chake na uandike maneno yake kama alivyoyatamka. Ni dhuluma kubwa kumwita tapeli mtu aliyevunjika mguu kweli. Rasimu ya barua aione kwanza wakili anayekusimamia.