Msukumo wangu uko kwenye pindo la khanga

Swali la wiki: "Ni kitu gani kizuri unachokutana nacho kila siku, kikakutia hamu ya kuifanya kazi yako vizuri zaidi?"

Khanga. Na sisemi ile iliyoshonwa gauni ikapandishwa jukwaani kwenye maonyesho ya mitindo. Nasema ile iliyoanikwa uani, iliyopauka, iliyobebea mtoto mpaka ikalainika, inayoishia kuwa tambara la kupigia deki.

Kazi yangu ni kudizaini kadi: za harusi, za kicheni pati, za ubarikio, na zaidi ya zote kadi za michango, maana Dar es Salaam harusi haiendi bila kamati na kamati haiendi bila kadi. Wenzangu wengi ukiwauliza mawazo wanayatoa wapi watakwambia Pinterest. Mimi pia huingia, lakini kule kila kitu kinapendeza, na ukishatazama vizuri mia unatoka hujui wewe ulikuwa unataka nini. Khanga inanifaa kwa sababu imebanwa.

Itazame. Upana wake ni mita moja na nusu hivi, kimo mita moja na kidogo. Pande zote nne pindo. Katikati kuna uwanja mkubwa wa picha, unaoitwa mji. Chini ya mji, kabla hujalifikia pindo la chini, kuna kisanduku chembamba chenye jina, yaani maneno ya mstari mmoja kwa herufi kubwa. Basi, imeisha. Mchoraji hana ruhusa ya kufuta pindo la upande mmoja kwa sababu leo anajisikia kufanya tofauti. Rangi zenyewe ni chache, kwa kuwa kila rangi inayoongezwa ina gharama yake kiwandani. Ndani ya ua huo mdogo watu wamechora korosho, mananasi, mikufu, majogoo, ramani na sura za viongozi. Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008 naye alipata khanga yake ya pongezi: picha yake ikakaa kwenye mji, mapindo yakabaki mapindo, na maneno yakakaa palepale yanapokaa siku zote.

Napenda pia jinsi ilivyoanza. Karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mkononi zikiwa bado kitambaa kirefu hazijatenganishwa. Wakazikata tatu tatu, wakaunga vipande viwili, wakapata vazi moja la leso sita. Wenye maduka walipoona wateja wanahangaika na mkasi na sindano ndipo wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapwa. Kwa hiyo dizaini ya kwanza haikutoka kwa mwenye kiwanda, ilitoka kwa mteja. Maneno yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha hizi tunazotumia sasa. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kama Abdulla na aliyefungua duka lake mwaka 1887, ndiye anayetajwa sana habari ya majina ya leso, kama khanga inavyoitwa huko, inapozungumzwa, na alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla" imejulikana kizazi hadi kizazi.

Kuna watakaosema khanga si yetu, nyingi zinachapwa India. Ni kweli, na zamani zilichapwa Uholanzi, Uingereza na hata Japani. Lakini hakuna mfanyabiashara wa Japani aliyewahi kumlazimisha mwanamke wa Unguja kununua pindo asilolipenda. Doti, yaani jozi ya khanga, isiyopendwa ilibaki rafuni, ikamtia mwenye duka hasara, na safari iliyofuata akaagiza kwa kusikiliza.

Sasa nije kwenye pindo lenyewe, maana hapo ndipo ninapokaa muda mrefu. Mchoraji wa khanga utamjua pembeni, pale pindo la juu linapokutana na la ubavuni. Mvivu huacha mnyororo wa maua ukatike popote utakapokatika: ua zima huku, nusu ua kule. Fundi huanza na pembe. Ana ua moja kubwa, au korosho mbili zilizopeana migongo, kisha ndiyo anagawa nafasi iliyobaki. Nyumbani kuna khanga moja ya zamani, nyekundu na nyeusi, ambayo korosho zake zikifika pembeni zinapungua kimo kidogo kidogo ili ile ya mwisho ipate kugeuka. Kwa mbali huoni. Ukiishika mkononi ukaipitisha vidoleni unaona kwamba mtu alikaa akapiga hesabu. Na nyekundu imemwagika kidogo nje ya mstari mweusi, kama inavyotokea kwenye khanga nyingi, na wala haidhuru. Kompyuta yangu ingeisahihisha, na nguo ingepooza.

Tangu nianze kuzitazama hivyo, kadi zangu naanzia pembeni.

Jina nalo ni shule. "Japo sipati tamaa sikati." Maneno manne, vina vinaitikiana, mtu anakusoma ukiwa unapita. Wateja wangu huja na aya ya Biblia, salamu za wazazi wa pande zote mbili, majina ya utani ya maharusi, shukrani kwa kamati na namba tatu za kutumia mchango, na vyote viingie upande mmoja wa kadi, tena kwa fonti ya maringo. Siku hizi sibishani. Natoa khanga kwenye mtoto wa meza, naitandaza, namwambia achague la kukaa kwenye kisanduku. Wengi huchagua wenyewe bila ugomvi. (Kina mama ndio wepesi zaidi. Wamekulia kununua khanga kwa sababu ya jina lake tu, rangi watavumilia, mradi ujumbe umfikie jirani.)

Nje ya khanga, somo hilohilo la kubanwa nalipata kwa mchoraji mmoja, Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, mwaka uleule kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipofunguliwa Ubungo, na mwaka 1972 akafariki. Miaka michache tu, na akaacha namna ya kuchora inayobeba jina lake mpaka leo. Vifaa vyake vilikuwa vipande vya mraba vya ubao mwembamba na rangi ya mafuta ya dukani, ya kung'aa. Mnyama mmoja anajaza ubao mzima, mkia unakunjwa ili uenee. Huo mkia ndio naupenda. Ubao umeisha, kwa hiyo mkia ukatafuta njia nyingine.

Hata kwenye chakula kuna la kujifunza: biriani ya pwani, ambayo wali na masala hupikwa mbalimbali. Wali ukishaiva, mpishi huunyunyizia zafarani au rangi mahali mahali, anafunika, na hakorogi. Rangi inashuka inakotaka. Wakati wa kupakua ndipo punje nyeupe, za njano na za machungwa zinakutana kwenye sahani, vitunguu vya kukaanga juu. Ukiupaka wali wote rangi moja umepata wali wa njano, ambao sina ugomvi nao, ila hakuna atakayeugeukia mara mbili. Dhahabu kwenye kadi naitumia hivyohivyo, mahali pawili patatu, na mteja anayetaka yote ing'ae namwelekeza kwa jirani yangu.

Kwa msomaji anayetaka kujaribu: nenda Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, asubuhi kabla hapajachangamka. Omba ufunuliwe doti nzima, kwa sababu ikiwa imekunjwa unaona jina na kipande cha mji tu, pembe zote zimefichwa ndani. Na ununue japo moja. Wauzaji wamechoka na sisi tunaofunuliwa khanga kumi, tukapiga picha, tukaaga.

Msomaji, Ilala, Dar es Salaam