Kabla hujalipia shamba la mbuga, chimba shimo

Kila mwaka kiangazi kikikolea, simu huanza kuingia. Mtu ameonyeshwa shamba Kishapu, Maswa, Igunga au Misungwi. Ardhi tambarare, hakuna jiwe wala kisiki, nyasi zimekauka vizuri, bei inavutia. Dalali ameokota bonge la udongo, ameliinua juu na kusema: "Unaona weusi huu? Hapa mbolea ya nini?" Halafu naulizwa mimi: ninunue?

Huwa sijibu mpaka mtu achimbe shimo. Nimefanya kazi na udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mzito mweusi wa mabondeni, kwa muda wa kutosha kujua kwamba mashamba mawili yanayofanana kabisa kwa juu, yenye weusi uleule na nyasi zilezile, yanaweza kutofautiana kabisa ukienda chini nusu mita. Moja litakulisha. Jingine litakumaliza.

Kabla hata ya kushika sururu, simama katikati ya shamba utazame upande ambao maji yanatokea. Usukumani mteremko ni mdogo sana, lakini upo, na udongo umejipanga kuufuata. Juu kwenye mawe makubwa ya matale kuna luseni, udongo wa kichanga unaolimika kwa jembe la mkono. Ukishuka unakuta itogolo, wa kijivu, mgumu, unaotuamisha maji. Chini zaidi kuna ibushi wenye chokaa, na chini kabisa kwenye bonde pana ndiyo mbuga. Wakulima walikuwa na majina haya zamani sana. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliandika mwaka 1935 kuhusu mfuatano wa namna hii katika Afrika Mashariki akauita katena, na mpaka leo jina hilo linafundishwa vyuoni duniani kote. Kwako wewe mnunuzi maana yake ni hii: kinachooshwa juu, yaani kalisi, magnesi, silika na wakati mwingine magadi (chumvi za sodiamu), kinaishia kwenye shamba unaloonyeshwa. Ndicho kilichoutengeneza udongo huo. Na mpaka kati ya mbuga na itogolo haumo kwenye hati ya shamba. Unaweza kupita katikati ya ekari zako.

Miti nayo inasema. Migunga mifupi yenye vinundu vyeusi vilivyojaa sisimizi, ile inayopiga mluzi upepo ukivuma, hupenda sana mfinyanzi mzito unaotuama maji. Miti mingine huishindwa mbuga, maana wakati wa masika mizizi inakosa hewa na wakati wa kiangazi inakatwa na nyufa. Ndiyo maana nyasi zimetawala. Angalia pia nguzo za uzio wa jirani. Zikiwa zimelala huku na huku, hilo shamba lina udongo unaotembea.

Shimo lichimbwe kiangazi, nyufa zikiwa wazi. Ukubwa wa mita 1 kwa 2, kina mita 1 na nusu, na ukuta mmoja mrefu uelekee jua ili uone vizuri. Usichimbe penye kichuguu wala njia ya ng'ombe. Ukimaliza, usiukwangue ukuta kwa panga ukadhani unausafisha. Panga linasiliba mfinyanzi na kufuta kila ulichotaka kukiona. Tumia ncha ya kisu, bandua vipande vidogo vidogo kutoka juu kwenda chini. Na kabla ya kutumbukiza mkono kwenye ufa, chokonoa kwa kijiti kwanza. Nyoka nao wanazijua hizo nyufa.

Juu kabisa utakuta sentimita 2 hadi 5 za punjepunje, nyepesi, zinazomwagika ukizigusa. Hakuna aliyezilima, udongo wenyewe hujisagasaga hivyo kwa kulowa na kukauka. Tabaka hili ni dalili njema. Linafunika unyevu wa chini na mbegu hutoka kwa urahisi. Mahali ambapo halipo, ukakuta gamba gumu lililolala juu, weka alama ya swali. Pengine ng'ombe wamekanyaga sana, pengine kuna magadi.

Chini yake, mpaka sentimita 30 hivi, ni mabonge. Sururu inadunda. Mabonge yamesimama wima, kila moja limezungukwa na ufa, na mizizi ya nyasi inashuka pembeni mwake zaidi kuliko kuingia ndani. Pima upana wa nyufa kwa rula na kina chake kwa waya. Mbuga ya kweli, ile ambayo wataalamu huiita vetisoli, ina mfinyanzi wa asilimia 30 au zaidi, na nyufa zake hufunguka sentimita 1 na kuendelea na kuteremka nusu mita au kupita. Nyufa zako zikiishia kwenye kina cha kiganja, huenda ni udongo wa aina nyingine uliopakwa rangi nyeusi tu.

Tabaka linalofuata ndilo ninalotumia muda mwingi kulitazama, kuanzia sentimita 40 hivi hadi mita 1. Bandua bonge taratibu. Utaona umbo lake si mche wala mchemraba, ni kabari, ncha zake zimechongoka na limelala kwa mshazari. Uso wake unang'aa, una michirizi midogo inayoelekea upande mmoja, kama chungu kilichosuguliwa kwa jiwe kabla ya kuchomwa. Hiyo ni alama ya udongo kuteleza juu ya udongo. Madini ya mfinyanzi huu yamepangika kwa karatasi nyembamba mno, na maji huingia katikati ya karatasi hizo na kuzitanua. Kiangazi punje za juu zilidondokea kwenye nyufa zikajaza chini. Mvua ikija, udongo wa chini unataka kuvimba na nafasi imeshajaa. Basi bonge linasukuma bonge, na kinachoshindwa kinapanda kwa mshazari. Mwaka baada ya mwaka uso wa ardhi unakuwa na vinundu na vishimo vya kupishana, na mawe yaliyokuwa chini yanajikuta juu.

Kwa sababu hiyo, ukichora matabaka ya mbuga kwa mistari iliyonyooka, umechora shamba la mtu mwingine. Tabaka jeusi linaweza kushuka sentimita 90 kwenye ukuta mmoja na 50 kwenye ukuta wa pili wa shimo hilohilo. Pima kuta zote nne, andika kipimo kidogo na kikubwa.

Kuanzia mita 1 kwenda chini, rangi hufifia kuwa kijivu au njano ya matope, na unaanza kuona vijiwe vyeupe vya chokaa. Andika kina cha kile cha kwanza. Vidogo vyeusi, vigumu, vya mviringo ni chuma na manganizi, na vinasema kwamba maji hukaa hapo muda mrefu kila mwaka. Baada ya hapo ni mwamba uliooza, au mfinyanzi uleule unaendelea usiishe.

Rangi nimeiacha makusudi, kwa sababu ndiyo inayowadanganya watu wengi. Weusi wa mbuga hautokani na wingi wa mboji. Kaboni yake mara nyingi ni asilimia 1 au 2 tu. Imeshikamana na mfinyanzi kwa namna inayoufanya uonekane mweusi kuliko kilichomo. Rutuba ya mbuga ipo kweli, kalisi na magnesi ni tele, lakini naitrojeni ni haba, fosforasi mara nyingi haba, na zinki hukosekana hasa kwenye mpunga kwa sababu pH, kipimo cha uchachu wa udongo, inapanda kati ya 7 na 8 na nusu. Mpunga wenye madoa ya kahawia wiki chache baada ya kupandikizwa, usikimbilie dawa ya ukungu kabla hujafikiria zinki. Na urea ukiitupa juu ya udongo wa pH hiyo, sehemu yake inapotea hewani. Ifukie.

Vipimo vitatu unavifanya mwenyewe papo hapo. Cha kwanza ni utepe. Lowesha udongo kiganjani, ukande, ukande tena. Mbuga hukaidi maji, na mwanzoni utadhani una kichanga kumbe ni punje ambazo hazijalainika. Ukishakuwa laini, usukume kati ya kidole gumba na cha shahada. Utepe ukivuka sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Cha pili ni siki: dondosha kwenye kila tabaka usikilize, pale panapochemka kuna chokaa. Siki ni asidi dhaifu, kwa hiyo sogeza sikio karibu.

Cha tatu ndicho kinachookoa fedha. Chukua bonge kavu dogo kama punje ya mahindi kutoka kila tabaka, liweke kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge, liache mpaka kesho. Maji ya kisima hayafai, chumvi yake inaficha jibu. Bonge likimomonyoka na maji yakabaki maangavu, sawa. Likizungukwa na wingu la matope lisilotua, sodiamu imezidi. Udongo huo utaziba ukilowa na kuwa zege ukikauka. Mimi nikiona wingu kwenye tabaka la sentimita 20 hadi 40, namwambia mnunuzi atafute shamba jingine, hata kama bei imeshushwa nusu.

Sasa rudi masika. Hapa watu wengi wananiona msumbufu, lakini shimo la kiangazi ni nusu ya habari. Mvua za kwanza zinamezwa na nyufa, maji yanashuka moja kwa moja hadi chini, na juu panabaki pakavu. Wiki chache baadaye nyufa zimefunga na shamba lilelile halipitishi maji karibu kabisa, yanasimama. Halafu kuna jambo linalowashangaza wanaotoka kwenye luseni: mvua ya milimita 10 kwenye kichanga inaamsha mahindi kesho yake, kwenye mbuga kavu haionekani. Mfinyanzi unayashika maji kwa nguvu kuliko mzizi unavyoweza kuyavuta, kwa hiyo lazima uulishe sana kabla haujaanza kutoa. Ukishashiba, unatoa kwa muda mrefu. Ndiyo siri ya dengu: hupandwa mvua zinapoelekea ukingoni na kukua kwa unyevu uliobaki chini, wakati majirani wa mlimani wameshavuna na kuchoma mabua.

Hivyo katika daftari lako, kando ya kila tabaka, usiandike "nyeusi, ngumu" ukaishia hapo. Andika ikiwa kavu inavunjika kwa mkono au kwa nyundo, ikiwa mbichi inabonyea vipi, ikiwa imelowa inanata kwenye vidole kiasi gani. Andika mizizi inaishia wapi. Andika maji yalisimama siku ngapi. Mwenye ng'ombe wa plau anakujua kuwa una akili ukimuuliza swali moja: siku za kulima hapa ni ngapi? Ikikauka plau haiingii, ikilowa ng'ombe wanazama, na katikati kuna siku chache tu. Shamba kubwa la mbuga bila jozi za kutosha au trekta la kukodi kwa wakati ni mapori yako ya kulipia.

Ukikuta maji yanasimama muda mrefu na chini hakuna magadi, jenga majaruba upande mpunga, usishindane na maji. Yakiondoka mapema, pamba, mtama na dengu vina nafasi. Mahindi mimi simshauri mtu, labda juu ya matuta mapana yenye mifereji, kama wanavyofanya wakulima wa nyanda za juu za Ethiopia kwenye mfinyanzi wa aina hii.

Lambo ni habari nzuri. Mbuga ikilowa haivuji. Kule Gezira, Sudan, mifereji ya umwagiliaji iliyofunguliwa tangu 1925 imechimbwa kwenye mfinyanzi kama huu bila kusakafiwa kwa saruji, na maji yanayopotea chini ni kidogo sana. Lakini tuta la lambo usilijenge kwa mbuga tupu, litapasuka kiangazi na mvua ya kwanza itapita kwenye ufa. Changanya na moramu.

Nyumba ni kinyume chake. Wanaojenga Kitengela na Athi River, kule Kenya, wanajua gharama ya kuchimba huo weusi wote, kuutupa na kujaza mawe kabla ya kumwaga msingi. Kama shamba lako lina hata kona ndogo ya luseni kule juu, weka nyumba huko, na choo pia.

Ukiwa na fedha ya maabara, chukua sampuli ukianzia tabaka la chini kwenda juu, ili vumbi la juu lisiangukie ambacho hujachukua. Nusu kilo kila tabaka, usichanganye, anika kivulini, weka lebo ndani na nje ya mfuko. Pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro au TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano kule Tanga, omba pH, chumvi, sodiamu, fosforasi na zinki. Wakati unasubiri majibu, zungushia shimo miiba. Ng'ombe akiingia humo masika, mtamvuta kijiji kizima.