Huzuni Haianzii Machoni: Kwa Wanaoanza Kuchora Watu

Mwambie mwanafunzi mpya amchore mtu mwenye huzuni, na karibu kila mara ataanza na uso: nyusi zimekunjamana, midomo imeshuka pembeni, chozi shavuni. Kisha chini ya shingo anaweka kiwiliwili kilichosimama wima kama cha askari wa gwaride. Mwili huo unasema jambo jingine kabisa, na mtazamaji huuamini mwili. Ndiyo maana darasani kwangu, majuma ya mwanzo uso hauchorwi. Weka duara la kichwa na mstari mmoja wa kuonyesha kimeelekea wapi, basi.

Cha kutafuta ni uzito umekwenda wapi. Aliyekasirika uzito humwendea mbele, kwenye vidole vya miguu, shingo ikitangulia kifua. Mwenye hofu humrudi kwenye visigino, mabega yakapanda kuelekea masikioni. Aliyefurahi, kifua kimeinuka na viwiko viko mbali na mbavu. Mwenye huzuni hujikunja kwa ndani: mabega yanakuja mbele, kifua kinabonyea, magoti yanakaribiana. Hapa wengi huchanganya huzuni na uchovu. Mtu aliyechoka hujibwaga akiwa wazi, mikono inaning'inia, miguu imetawanyika, hajali nani anamwona. Mwenye huzuni hujishika.

Lakini wapo watu ambao huzuni huwanyoosha. Ninapofundisha hili huonyesha sanamu mbili za Käthe Kollwitz, msanii wa Ujerumani. Mwanawe mdogo, Peter, aliuawa vitani Ubelgiji Oktoba 1914, akiwa na miaka 18. Kollwitz aliibeba kazi ya kumkumbuka kwa miaka mingi, mpaka 1932 sanamu za baba na mama zilipowekwa kwenye makaburi ya askari; leo ziko Vladslo, Ubelgiji. Wote wawili wamepiga magoti. Baba kiwiliwili chake kimenyooka, mikono imekumbatia mwili wake mwenyewe kwa nguvu. Mama ameinama, kichwa kimezama kifuani. Msiba ni mmoja, migongo ni miwili tofauti. Tafuta picha za sanamu hizo, uchore kila sanamu kwa sekunde 30 bila kugusa nyuso, na utaona kwamba mstari wa mgongo peke yake unatosha kuwatofautisha.

Kwa hiyo kila pozi lianze na mgongo. Shika mkaa wa kuchorea ubavuubavu, vuta mstari mmoja kutoka kichwani kupita uti wa mgongo hadi kwenye mguu uliobeba mwili. Halafu weka mstari wa mabega na mstari wa nyonga. Mtu akisimama kwa kuegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huohuo kwa kawaida hushuka. Sasa fanya kama fundi mwashi na timazi yake: inua penseli wima mbele ya jicho lako, uone kishimo cha koo kinaangukia wapi chini. Kwenye pozi hili mara nyingi kitakuwa juu ya mguu uliobeba uzito au karibu nao. Kama kwenye karatasi yako kimetoka nje ya nyayo, mtu wako anaanguka, na hakuna atakayeiona huzuni yake.

Modeli, yaani mtu mnayemchora, akijifunga kanga au akivaa shati pana, msihangaike na mikunjo yote. Tafuta mahali ambapo nguo imevutwa: goti, kiwiko, ncha ya bega. Mikunjo mingi huanzia hapo.

Pozi la kushika tama nataka mlitazame kwa karibu, kwa sababu wengi hulipenda na wengi huliharibu. Wanachora kiganja kimegusa shavu, wanadhani wamemaliza. Kichwa cha mtu mzima kina kilo nne au tano hivi! Kikilala kweli kwenye kiganja, nyama ya shavu hupanda, jicho la upande huo hufinyika, bega la mkono huo husukumwa juu, na kiwiko huzama pajani. Bega la pili hushuka. Mwenye shaka na akae hivyo mwenyewe. Kisha ajaribu pozi la yule mwanamume anayefikiri, sanamu ya mchongaji Mfaransa Rodin: kiwiko cha kulia juu ya paja la kushoto. Utasikia mgongo unavyojipinda na tumbo linavyokaza, na mkono wako utachora kitu ambacho macho yalikuwa yakikipita.

Modeli naye msimwambie "huzunika." Atawaigizia. Mpeni hali: umekaa kwenye benchi la hospitali, mama yako ameingizwa ndani, umeambiwa usubiri. Halafu nyamazeni. Baada ya muda mkono mmoja utakuja kushika kifundo cha mkono wa pili, na miguu itarudi chini ya benchi. Hayo ndiyo ya kuchora.

Harakisheni kwenye dakika za mwanzo, maana mwili hauwezi kushikilia hisia muda mrefu. Furaha ya mikono juu hugeuka uchovu upesi, na mabega huanza kushuka. Ukiendelea kusahihisha mchoro kufuata mabega hayo, utamaliza na pozi lisilo la mtu yeyote. Mstari wa kwanza ukiwa mzuri, uheshimu hadi mwisho. Kabla ya mapumziko, zungushia nyayo za modeli chaki sakafuni ili arudi palepale.

Mazoezi ya nyumbani: nendeni kwenye watu wanaosubiri, kituo cha daladala, kivukoni, nje ya duka la wakala wa pesa. Choreni walio mbali na waliowapa mgongo. Mtu akikuona na asipendezwe, funga daftari, msalimie, muonyeshe. Pengine ataomba umchore tena, lakini hapo atakuwa ameshajinyoosha kama wa kupigwa picha. Mchoree, mpe karatasi yake, uhamie benchi jingine.