Willy Gamba na simulizi za kwenye simu
Kaka, umeuliza kama simulizi hizi za WhatsApp zinafua dafu mbele ya Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba. Kwa kasi, zinafua. Hapa Ngamiani, Tanga, bodaboda wanazisoma kijiweni wakisubiri abiria, na sehemu mpya ikichelewa mtunzi anakoma kwa matusi. Ila shujaa wa sasa anapigana tu, hata hujui anamtetea nani. Katika Kufa na Kupona (1974) nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar, Willy anazifuata Nairobi. Kila risasi ina sababu. (Wanawake wake lakini, mmh!) Ukimaliza hicho tafuta Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Mpelelezi wake, Bwana Msa na kiko chake, hana haraka, ila hakuachii ulale.