Aisingi ya siagi haigandishwi kwa sukari

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwezi wa pili mwanangu anatimiza miaka mitano, nami nataka kumwokea keki ya vanila ya tabaka tatu. Tuko Tanga, wageni watakaa nje chini ya turubai. Mara iliyopita aisingi ya siagi iliteremka yote ikajaa kwenye sahani. Fundi mmoja wa keki kwenye kundi la WhatsApp ameniambia niongeze sukari ya unga mpaka ikaze, na ananiuzia unga mweupe wa kugandishia. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba. Usimsikilize. Ushauri huu wa kuongeza sukari naletewa kila mara, na kila mara kuna mama amekwisha kuharibu keki.

Kinachoyeyuka ni siagi. Inalegea kabla hata ya nyuzi 25, na ikifika 32 hadi 35 imekuwa mafuta. Mchana wa Februari huko kwenu ndio nyuzi hizo. Tia sukari kilo nzima, siagi itayeyuka palepale ilipokuwa ikiyeyukia. Ule ugumu unaouona bakulini ni ukavu tu: aisingi inakuwa tamu ya kuuma meno, ukiipaka inachana keki, na jua likipanda inateremka na vipande vyake.

Badilisha mafuta. Chukua siagi gramu 250 na mafuta meupe ya mgando yasiyo na harufu gramu 250, kwa sukari ya unga gramu 900 hivi na chumvi kidogo. Mafuta hayo yanastahimili joto kuliko siagi, tena hayana maji, ilhali siagi ina maji kama asilimia 16. Paka safu nyembamba ya kushika makombo, weka kwenye friji nusu saa, ndipo upake ya pili. Keki itoke ndani karibu na wakati wa kukata. Feni isikudanganye, inapuliza hewa ileile ya moto.

Kama familia inapenda chokoleti, ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa ndani ya krimu ya moto, ni bora zaidi: chokoleti nyeusi gramu 600, krimu ya maziwa gramu 300, ilale usiku kucha ndipo upake. Krimu ya kupiga, kwa sherehe ya nje, achana nayo.

Sasa huo unga. Una lebo? Umeandikwa viungo, mtengenezaji, tarehe ya mwisho? Kama umefungwa kwenye kimfuko cha nailoni, wewe hujui unachomlisha mtoto, na anayekuuzia huenda hajui pia. Hasira yangu iko hapa. Watu wanauza poda za kung'arisha, za kugandisha, za rangi ya dhahabu, na wateja wanazipokea kwa sababu fundi kasema. Mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, watoto sita walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya sherehe iliyopambwa kwa poda ya rangi ya dhahabu. Poda ile ilikuwa na shaba tele. Na poda za namna hiyo nyingine huandikwa kwamba hazina sumu. Maandishi hayo hayatoshi. Ya kuliwa huandikwa kwamba ni ya kuliwa, na viungo vyake hutajwa kimoja kimoja kama kwenye pakiti ya biskuti. Mwombe fundi wako orodha hiyo. Akianza kukuambia ni siri ya kazi, mrudishie unga wake na udai hela yako.