Barua kwa mwanangu: Kuhusu Wakonyingo wa Kibo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, mama yako anashinda shambani na kahawa imeanza kuiva.

Nimesoma ujumbe wako zaidi ya mara moja. Unasema mjukuu wangu ameona video ya viumbe wafupi wa msituni, akakuuliza kama ndio Wakonyingo, wale watu wafupi wa hadithi zetu za Kichagga, aliowahi kusikia kwa bibi, na kama kweli wanaishi mlimani kwetu. Unasema pia kwamba mumeo anaamini walikuwa Mbilikimo wa zamani, waliofukuzwa na babu zetu walipoingia Uchagani. Wewe unataka nikuambie ukweli ni upi, na umjibu nini mtoto.

Swali la kwanza nalijibu bila kuzunguka. Siamini kwamba Wakonyingo walikuwa watu wa damu na nyama. Kibo ndicho kilele cha juu kabisa cha Kilimanjaro, mita 5,895, na huko juu ni mawe, mchanga na barafu. Ng'ombe hana jani la kutafuna. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889 hawakukuta boma la mtu, na maelfu waliopanda baada yao hawajalikuta. Hakuna mfupa wa watu wa namna ile uliopatikana Kilimanjaro. Ule mfano wa kisiwa cha Flores, Indonesia, anaoupenda mumeo ni wa kweli: mwaka 2003 wachimbaji walipata katika pango la Liang Bua mifupa ya watu wa kale wenye kimo cha kama mita moja, na wenyeji wa kisiwa hicho nao wana hadithi za watu wafupi wenye manyoya. Lakini mfupa wa Flores hauwezi kutolea ushahidi mlima wa Uchagani.

Habari ya Mbilikimo ndiyo iliyonisumbua. Mwambie mumeo, kwa heshima zote, asiirudie mbele ya mtoto. Hao anaowaita Mbilikimo, yaani Watwa na jamaa zao wa misituni, wapo leo, Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda. Wana majina, wana watoto wanaokwenda shule, na wana madai yao ya ardhi. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga kule Uganda ilipofanywa hifadhi za taifa, Watwa waliokuwa wakiitegemea walitolewa humo. Sitaki mjukuu wangu akue akidhani kwamba mwanadamu mwenzake aliye hai ni kiumbe wa hadithi kwa sababu tu ya urefu wake.

Sasa hadithi yenyewe, maana nahofia umeisahau nusu. Wakonyingo ni watu wa juu ya Kibo. Miili yao haizidi ya watoto, ila vichwa ni vikubwa mno. Hawalali chini kamwe. Husinzia wameketi, wameegemea ukuta, kwa kuwa mmoja wao akianguka hawezi kujiinua kwa uzito wa kichwa. Ndiyo maana kila mmoja hutembea na pembe kiunoni, ili akianguka aipulize, wenzake waje wamnyanyue. Wana ngazi za kupandia mbinguni. Wapo wanaosimulia kwamba wakitoa sadaka kwa wahenga wao, vipande vya nyama huporomoka mlimani na kugeuka kunguru, na mtu aliyewahi kupanda anawajua kunguru wale wa shingo nyeupe wanavyozunguka kambi za wapandaji.

Palikuwa na maskini asiye na hata ng'ombe mmoja, mwenye wana wawili, Mkunare na Kanyanga. Mkunare akasema, nitapanda Kibo, nasikia kuna mangi, yaani mtawala, huko anayewahurumia maskini. Njiani akamkuta bibi kizee ameketi, macho yamejaa tongo hata haoni. Bibi akamwambia: nilambe macho yasafike, nami nitakuonyesha jinsi ya kufika. Mkunare akaona kinyaa, akapita. Alipofika juu akakuta watu wamesimama kwenye zizi la mangi, wafupi kama wavulana. Akawaita: "Nyie watoto, hebu nionyesheni waliko baba zenu na kaka zenu." Wakamjibu kwa utulivu: "Subiri, watakuja." Akasubiri mpaka jioni. Ng'ombe wakarudi zizini, mmoja akachinjwa, nyama ikaliwa, yeye hakupewa hata kipande. Kila alipoomba, jibu lilikuwa lile lile: subiri baba zetu na kaka zetu waje. Akaondoka na njaa, bibi kizee hakumwambia neno, akapotea njia mwezi mzima kabla ya kufika kwao. Nyumbani akasema kule juu kuna watu wenye mali nyingi, lakini ni wachoyo.

Kanyanga naye akapanda. Alimlamba yule bibi macho. Bibi akamwambia: utakuta watu wasiozidi kimo cha wavulana, usiwadhanie watoto, hao ni washauri wa mangi, wasalimie hivyo. Akafanya hivyo, akapelekwa kwa mangi, akasikilizwa, akalishwa na kulazwa. Yeye naye akawafundisha kago la kukinga mazao na wadudu, na dawa ya kufunga njia adui asipite. Wakampa ng'ombe, akashuka nao akiimba. Mkunare alibakia na wimbo wa kumsuta, kwamba asubiri baba zao waje.

Alice Werner aliyefundisha Kiswahili London aliichapisha hadithi hii mwaka 1933, akiitoa kwa watu waliokuwa wamekwisha kuiandika Uchagani kabla yake. Kwa hiyo si jambo lililobuniwa kwa ajili ya watalii, kama alivyowahi kuniambia kijana mmoja wa hapa kijijini.

Mimi hiyo sehemu ya macho ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na najua ndiyo utakayotaka kuiruka. Tafadhali usiiruke. Nimesikia wazazi wakiisimulia na kumfanya Kanyanga ampe bibi maji ya kunawa, au amshike mkono tu. Hadithi inalegea papo hapo. Kumpa mtu maji ni rahisi, hata Mkunare angeweza. Kanyanga alifanya jambo ambalo mwili wake mwenyewe ulilikataa, akamfanyia mtu asiyemjua na asiyeonekana kuwa na chochote. Mtoto akisikia hapo atasema "eeh!" kwa kinyaa. Mwache aseme, kisha umuulize yeye angefanya nini.

Na utazame kosa la Mkunare. Hakuiba, hakupiga mtu. Alimtazama mzee kwa kimo akamwita mtoto. Adhabu yake wakaichukua kwenye maneno yake mwenyewe: ametaka baba zao, basi awasubiri. Bibi yako alikuwa haongezi fafanuzi yoyote mwishoni. Ila mgeni akiingia nasi watoto tukajisahau kuamkia, alituangalia tu akasema, "Subirini baba zetu," nasi tulielewa hata kama nyama ilikuwa mbali na mawazo yetu.

Kinachonifanya niithamini zaidi ni kwamba hatuko peke yetu. Wagiriama wa pwani ya Kenya wana katsumbakazi, kijitu cha porini kinachomuuliza mtu aliyekutana nacho: umenionea wapi? Ukisema hapa hapa, umekitukana, maana umekiri kwamba hukukiona mpaka ulipokikaribia, na hutaishi sana. Ukisema nimekuona kutoka kule mbali, unapita salama. Wazulu husimulia swali hilo hilo kuhusu watu wadogo wa kwao, na hata Malawi lipo. Watu walioishi mbalimbali hivyo wote waliona haja ya kumwonya mpita njia: aliye mfupi machoni pako anaijua heshima yake, na msitu ni wake kabla haujawa wako. Mimi naona huo ndio ukweli uliouliza.

Basi mjukuu wangu umjibu hivi: hakuna aliyewahi kuwapiga picha Wakonyingo, na video ile haihusiani nao. Akisisitiza kujua kama wapo, mwambie babu anasema hawapo kwa mifupa, lakini yeye mwenyewe akipanda mlima atamwamkia kila anayemkuta njiani, mpagazi, mkata majani, hata mtu wa kimo chake.

Mkija Desemba nitampeleka kwa shangazi yangu wa kule juu, karibu na msitu. Yeye bado anaujua ule wimbo wa Mkunare kwa Kichagga, na sauti yake ipo. Mimi naukumbuka vipande tu, kwa hiyo leteni simu yenye nafasi ya kutosha ya kurekodi. Kwa sasa msimulie mpaka pale Mkunare anaporudi na njaa, uishie hapo. Ya Kanyanga aje aisikie huku.

Msalimie mumeo. 

Baba yako