Django nimeweka, mbona naambiwa haipo? Maswali yenu ya Python

Kaka habari za kazi. Najifunza Django (ile ya kutengenezea tovuti kwa Python) kwenye Windows. Jana nimeandika pip install django, ikashuka mpaka mwisho bila shida yoyote, leo nikiandika python manage.py runserver nakutana na maneno mekundu kibao, mwisho imeandikwa "Couldn't import Django" na mengineyo. Nimetoa nimeweka tena, wapi. Bando linaisha. – Msomaji, Mbeya

Nzuri ndugu yangu. Kwanza acha kuiweka tena maana unachoma bando bure, Django unayo, ila iko kwenye Python nyingine. Kompyuta moja inaweza kuwa na Python hata tatu na mwenyewe hujui, kuna uliyoichukua python.org, kuna ya Microsoft Store, halafu kila ukitengeneza venv, yaani chumba cha Python cha mradi mmoja, inazaliwa nyingine ndani ya hiyo folda. Pip (chombo cha kuwekea vifurushi vya Python) uliyoiita jana ni ya hii, python unayoiita leo ni ya ile, na hawa hawapeani vitu.

Hebu andika python -m pip --version. Itakuletea njia ya folda, hapo ndo utajua unaongea na nani. Halafu ingia kwenye folda ya mradi wako, andika python -m venv venv, ikimaliza andika venv\Scripts\activate, ukiona neno venv limekaa kwenye mabano mwanzo wa mstari ujue umeingia, ndipo uandike python -m pip install django. Hiyo python -m izoee, inahakikisha pip ni ya Python hiyohiyo utakayoendeshea mradi. PowerShell (dirisha la amri la Windows) ikigoma na kukwambia skripti zimezuiwa, usihangaike nayo, fungua CMD (Command Prompt) ya kawaida uandike hukohuko. Na kila ukifungua terminali mpya unaanza na activate upya, wengi ndo mnaponasa hapo, jana ilikubali leo imekataa kumbe dirisha tu ni jipya.

Halafu hayo "mengineyo" uliyoyaruka, sentensi ya mwisho kabisa pale inauliza kama umesahau kuwasha venv. Jibu ulikuwa nalo kwenye skrini bwana! Maneno mekundu yanasomwa kuanzia chini.

Mambo vipi, nimeanza Flask (nayo ya kutengenezea tovuti) wiki hii, kodi ni mistari mitano tu nimekopi kama ilivyo, inaniambia "cannot import name 'Flask' from partially initialized module". – Mwanafunzi, Morogoro

Poa. Faili lako umeliita flask.py. Eti nimejuaje? Karibu kila anayeleta kosa hili amefanya hivyo. Python ikiambiwa ilete flask inaanza kutafuta kwenye folda yako kabla ya kwenda kwingine, inalikuta faili lako, basi faili linajiita lenyewe. Libadilishe liwe app.py, imeisha. Na usije ukaita mafaili yako random.py au email.py, yatakuletea kichaa hichohicho siku nyingine.

Shikamoo. Nimetengeneza tovuti ya duka la mama kwa Django, kwenye kompyuta inafunguka vizuri kabisa 127.0.0.1:8000, nikiandika hivyohivyo kwenye simu ya mama haifunguki na waifai ni moja. – Binti wa Tanga

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kumkumbuka mama. 127.0.0.1 maana yake ni "mimi mwenyewe", kwa hiyo simu ya mama inajiuliza yenyewe, na yenyewe haina hilo duka. Endesha python manage.py runserver 0.0.0.0:8000 ili seva isikilize na wa nje, halafu andika ipconfig utazame IPv4 ya kompyuta yako, tuseme ni 192.168.1.7, kwenye simu unaandika http://192.168.1.7:8000. Angalia ni http, siyo https, seva hii ya mazoezi haiijui https kabisa.

Hapo Django itakufokea kuhusu ALLOWED_HOSTS, orodha ya anwani inazokubali kuitikia. Nenda settings.py uweke hiyo IP kwenye orodha, ila weka na 'localhost' na '127.0.0.1' pia, maana orodha ikiwa tupu na DEBUG (hali ya kuonyesha makosa) ni True hizo mbili zinaruhusiwa zenyewe, ukishaandika kitu kimoja tu basi zinaruhusiwa zilizoandikwa peke yake, utashangaa simu inafungua kompyuta haifungui. Ikigoma bado basi ni faiwoli ya Windows, iruhusu Python kwenye mtandao binafsi.

Naomba msaada wa haraka, nimepandisha mradi kwenye seva nikaweka DEBUG = False kama mnavyoshauri, CSS (mapambo ya ukurasa) yote imepotea, ukurasa umebaki maandishi matupu. Nirudishe True? – Msomaji, Nakuru

Usirudishe! DEBUG ikiwa True kosa dogo tu likitokea, mgeni yeyote anaonyeshwa vipande vya kodi yako na njia za mafaili yako. CSS haijaharibika, ni kwamba runserver inagawa mafaili hayo pale tu DEBUG ikiwa True, ukizima inakuachia kazi hiyo wewe. Njia rahisi kwa mradi mdogo ni WhiteNoise, kifurushi kinachoigawia tovuti mafaili hayo. Weka whitenoise kwa pip, iongeze kwenye orodha ya MIDDLEWARE ndani ya settings.py mara tu baada ya SecurityMiddleware, isiwe mwisho wa orodha, taja STATIC_ROOT (folda ya kukusanyia mafaili hayo) kwenye settings, kisha endesha python manage.py collectstatic na uwashe seva upya. Na ukibadilisha CSS baadaye ukaona bado ya zamani ndo inatokea, hiyo collectstatic inatakiwa kila unapopandisha mabadiliko, siyo mara moja tu.